Shaba Ilipita, Sisi Tukafungwa

Tenke ni mji mdogo wa njia panda ya reli, mkoani Lualaba, Kongo. Ukitoka Lubumbashi kwa treni, hapa ndipo njia inapogawanyika: moja inashika magharibi, Kolwezi, Dilolo, mpaka Lobito baharini, nyingine inapanda kaskazini, Bukama, Kamina, Kananga, Mweka, hadi Ilebo. Ndiyo maana Septemba 4, 2025, serikali ilipotangaza Ebola huko Bulape, katika eneo la Mweka, mkoa wa Kasai, watu wa Tenke hawakuipokea kama habari ya ugenini. Mweka iko kwenye reli yetu. Treni ni chache, na huchelewa kwa siku nyingi, lakini hufika, na abiria hushuka hapa na magunia yao, na watoto wao mgongoni.

Habari zikasema Bulape imefungwa, kuna vizuizi barabarani. Papo hapo likafufuka swali ambalo mwaka 2020, wakati wa korona, lilitugawa hata mezani: kuwafungia watu kunapunguza kweli kasi ya ugonjwa, au ni kuwatesa bure?

Nimewaketisha hapa chini ya mwembe watu wanne, kila mmoja kwa kazi yake. Kuna Mzee wa Reli, aliyestaafu. Muuguzi wa kituo cha afya. Mama wa Soko, muuza unga na dagaa wakavu. Na Kijana wa Mgodi. Majina nayaacha, maana yule kijana bado anauhitaji mshahara wake. Mimi ninaandika, na pale nitakapokuwa na la kusema, nitasema.

MZEE WA RELI: Nianze mimi, umri unaniruhusu. Ugonjwa hauna miguu. Unasafiri na mtu. Baba yangu alisimuliwa na baba yake kwamba mwaka 1918, mwaka uleule reli ilipofika Bukama, homa kubwa ilitoka kusini, upande wa Rhodesia, ikaifuata reli stesheni kwa stesheni. Watu waliofurahia treni mwanzoni mwa mwaka, mwishoni mwa mwaka wakawa wanazika. Kwangu hesabu ni nyepesi: ukisimamisha treni umesimamisha ugonjwa. Bulape walifanya vizuri kufunga, na sisi mwaka 2020 tulipaswa kufunga zaidi ya tulivyofunga.

MUUGUZI: Baba, nusu ya hayo nakubaliana nawe kabisa. Nusu nyingine tutaifikia. Lakini ngoja niwaeleze hesabu yenyewe, kwa sababu watu wengi wanabishana bila kuiona. Chukua mgonjwa mmoja anayeambukiza wawili. Wawili wanaambukiza wanne, wanne wanane. Baada ya mizunguko kumi una wagonjwa wapya 1,024. Ukiwahi mizunguko miwili tu, ukaanza kuzuia mapema, unawakuta wakiwa 256. Kama kila mzunguko ni siku tano, hizo ni siku kumi. Siku kumi zimepunguza mzigo wako mara nne. Kituo chetu mwaka 2020 kilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Kwa mwenye mtungi mmoja, kupokea wagonjwa wawili leo na wawili wiki ijayo si sawa na kupokea wanne usiku mmoja. Kufungia hakuui virusi. Kunatupa siku, na siku hizo ni za mkopo.

Hapa namwongezea Muuguzi mfano wa mwaka huohuo wa babu yake Mzee. Marekani, Septemba 28, 1918, jiji la Philadelphia liliruhusu gwaride lililokusanya watu wapatao 200,000 huku homa ikiwa tayari imeingia. Jiji la St. Louis lilifunga shule, makanisa na majumba ya sinema mapema mwezi Oktoba, siku chache baada ya wagonjwa wa kwanza kuonekana. Wiki iliyokuwa mbaya kuliko zote huko Philadelphia iliua, kwa kulinganisha na idadi ya watu, karibu mara nane ya wiki mbaya kuliko zote ya St. Louis. Wanaosema kwamba kutenganisha watu hakujawahi kuzuia kitu chochote, huo ni ukuta wa kwanza watakaogonga.

MAMA WA SOKO: Mwanangu Muuguzi, hesabu yako ni nzuri. Lakini umewahesabu watu kana kwamba wamekaa kimya, wanangoja uwazuie. Mimi Machi 2020 nilikuwa Lubumbashi kwa dada yangu, nimefuata mzigo. Gavana akatangaza saa 48: Lubumbashi na Kasumbalesa, hakuna mtu kutoka nyumbani. Saa 48 si kitu, utasema. Haya, njoo uone jioni ile ya tangazo. Soko lilijaa kuliko siku ya mkesha wa Krismasi. Nilisimama kwenye foleni ya unga, tumbo langu kwenye mgongo wa mtu, pumzi ya mtu mwingine shingoni mwangu. Bei ya meka moja, kipimo chetu cha unga, ilibadilika nikiwa bado kwenye foleni, mara mbili. Wenye pesa walibeba magunia. Wenye franka za siku moja waliondoka na nusu meka. Sasa niambie, usiku ule tulizuia ugonjwa au tuliugawia?

MUUGUZI: Tuliugawia, Mama. Kama ulikuwamo kati yenu, tuliugawia.

Kinshasa mambo yalikuwa hivyohivyo. Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura Machi 24, wiki mbili baada ya mgonjwa wa kwanza nchini kuthibitishwa Machi 10. Siku mbili baadaye Gavana wa jiji, Gentiny Ngobila, akatangaza kufungia watu kwa vipindi vya siku nne nne, na siku mbili kati yake za kununua chakula. Kesho yake akaahirisha: bei zilikuwa zimepaa na watu wamefurika madukani. Mwishowe ikafungwa Gombe pekee, kuanzia Aprili 6, mtaa wa ofisi na balozi ambako wagonjwa wengi wa mwanzo walipatikana. Huo ulikuwa uamuzi wa busara zaidi, kwa sababu ulifuata mahali ugonjwa ulipokuwa. Lakini Gombe hulishwa, hufagiwa na hupikiwa na watu wanaolala mitaa mingine, na virusi havikusubiri kibali cha kuvuka barabara. Vilienea mitaani humo humo vikisindikizwa na wapishi, walinzi na wafagizi.

KIJANA WA MGODI: Naomba na mimi niseme, wakubwa zangu, kwa sababu ninyi mnazungumzia kufungwa kwa saa 48. Mimi nilifungwa miezi miwili.

Akanyamaza kidogo. Tukamwacha ajikusanye.

KIJANA WA MGODI: Kampuni sitaitaja. Walitukusanya wakasema: anayetaka kazi atabaki ndani ya uzio, anayetaka kwake aende, ila asitegemee kurudi. Ungekuwa wewe ungechagua nini? Nina mke, nina mama, nina wadogo zangu wawili shuleni. Nikabaki. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miwili. Chumba kilikuwa cha watu wanane, nasi tulikuwa zaidi. Natoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, naingia kitandani ambamo mwenzangu ametoka sasa hivi kwenda zamu ya mchana. Godoro bado lina joto lake. Kwenye foleni ya chakula wamechora mistari chini, mita moja, mita moja. Usiku tunabadilishana mto. Mwanangu wa kwanza alianza kutembea mwezi wa tano. Mke wangu akanipigia kwa video ili nimwone. Mtandao ukakatika pale pale. Nikabaki na picha iliyoganda: mguu mmoja hewani, sijui kama aliukanyaga au alianguka. Na kila usiku, kila usiku, nasikia malori yanatoka. Shaba inapita. Kobalti inapita. Dereva anakwenda mpaka Kasumbalesa, anavuka Zambia, anakwenda Durban au Dar es Salaam, anarudi. Yeye anaruhusiwa kuzunguka nusu ya Afrika, mimi siruhusiwi kwenda kilomita nane kumwona mtoto.

Nina la kusema hapa. Yaliyompata kijana huyu hayakuwa yake peke yake. Juni 2020 shirika la RAID la Uingereza, pamoja na mashirika ya haki za binadamu na ya wafanyakazi ya Kongo, yaliandika wazi kwamba wafanyakazi katika migodi kadhaa ya Lualaba na Haut-Katanga wanazuiwa ndani ya migodi usiku na mchana, kwa kulazimishwa kuchagua kati ya kubaki na kupoteza kazi, tena wakilala kwa msongamano. Na mwaka huo wa dharura, nchi ilitoa shaba zaidi ya tani milioni 1.5, kuliko ilivyotoa mwaka 2019. Sisemi mgodi ungefungwa. Lualaba bila mgodi ni njaa ya aina nyingine, na nilishaona mitaa ikikauka kampuni inaposimama. Lakini ni haki kuuliza swali kwa jina lake: je, tulifungia njia ya ugonjwa, au tulifungia watu ambao ni rahisi kuwafungia?

MZEE WA RELI: Mwanangu, hilo la malori limenigusa. Nilisema simamisha treni. Lakini unga tunaokula, mwingi unatoka Zambia, kwa malori hayohayo. Ukiyasimamisha tunakufa na njaa kabla ya homa.

MUUGUZI: Zambia yenyewe ilijaribu, Baba. Mei 2020, wagonjwa walipoongezeka Nakonde, mpakani na Tunduma, Rais Lungu aliufunga mpaka ule. Baada ya siku chache ikabidi wafungue, kwa sababu mizigo ya nchi nzima ilikuwa imekwama. Dereva wa lori huwezi kumfungia. Unachoweza ni kumpima, kumpa mahali pake pa kulala na kula, na kumrahisishia asilazimike kujificha. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuvuta kamba barabarani na kuweka askari, kwa hiyo watu huipenda kamba.

KIJANA WA MGODI: Na sisi tuliofungwa? Ilisaidia? Nataka jibu la kweli, Muuguzi.

MUUGUZI: Jibu la kweli ni kwamba ugonjwa ulipata shida kuingia ndani ya uzio wenu, hilo nakubali. Lakini kama ungeingia, mngeugua chumba kizima. Kumbuka ile meli, Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama Februari 2020. Ilikuwa na watu 3,711, wakaambukizwa zaidi ya 700. Kumfungia mtu na familia yake nyumbani, wanne au sita ambao tayari wanakula sahani moja, huko ni kupunguza anaokutana nao. Kuwafungia wageni mia kadhaa kwenye vitanda vya zamu, huko ni kuwakutanisha. Neno ni moja, kazi ni mbili tofauti. Na tangu lini mtu alalaye kitanda cha mwenzake akaambiwa anakingwa?

MAMA WA SOKO: Basi wenzetu wa Tanzania walikuwa na akili. Hawakufunga. Wafanyabiashara wanaotoka kule walikuwa wanatucheka. Walifunga shule miezi mitatu, wakafungua, soko likaendelea, watu wakala.

MUUGUZI: Sibishi kwamba watu walikula, Mama. Kule mkate wa siku haukukatwa, na hilo ni jambo kubwa, wala silidharau. Ninachobisha ni kuutumia mfano huo kama ushahidi. Tanzania iliacha kutoa takwimu mapema Mei 2020, ikiwa imefikisha wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo kimya. Mwaka uliofuata, Februari 17, 2021, alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na chama chake kilikuwa kimeshatangaza kwamba ana korona. Ukifumba macho huwezi kusema njia ilikuwa salama. Labda ilikuwa salama kwa wengi. Nani aliwahesabu wale wachache?

MAMA WA SOKO: Na Kongo tuliwahesabu?

MUUGUZI: Vibaya. Mwanzoni sampuli zote zilipelekwa kwenye maabara ya INRB, Kinshasa, kwa Profesa Muyembe. Unamchukua mtu makohozi huku Lualaba, unangoja ndege, unangoja jibu, jibu linakuja mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Kwa hesabu rasmi, vifo vya korona vya nchi nzima havikufika 1,500 kwa miaka yote. Hata ukizidisha mara kadhaa kwa wale tuliowakosa, sisi hatukuona kilichoonekana Italia. Nusu ya Wakongo ni watoto na vijana wasiofika hata miaka ishirini. Ugonjwa ule ulikuwa unatafuta wazee.

KIJANA WA MGODI: Kwa hiyo mlijua kwamba hautafuti sisi, na bado tukafungwa?

MUUGUZI: Machi hatukujua. Nisikilize vizuri, mdogo wangu. Machi 2020 mtu aliyesema fungeni alikuwa na haki, kwa sababu tuliona malori ya jeshi yakibeba majeneza Bergamo na hatukujua kama zamu yetu ni kesho. Kosa langu mimi, na kosa la wakubwa wangu, ni Juni. Juni tulishaanza kujua. Tulishaona ni nani anayekufa na nani hafi. Pale ndipo ilipopasa kufungua kwa vijana na kuwazunguka wazee kwa ulinzi. Hatukubadilika upesi. Hali ya dharura ilidumu mpaka Julai 21.

Maneno hayo ya Muuguzi ndiyo mazito kuliko yote yaliyosemwa chini ya mwembe huu, na ninayaheshimu kwa sababu mtu wa afya mara chache husema "kosa langu" mbele ya watu. Lakini hakuishia hapo, na kilichofuata ndicho kinachomkosesha usingizi.

MUUGUZI: Mnajua ni ugonjwa gani uliotuua mwaka ule? Surua. Mlipuko wake ulitangazwa 2019. Mpaka ilipotangazwa kwisha, Agosti 2020, ilikuwa imeshaua watoto karibu 8,000 nchini. Watoto, Mama, si wazee. Chanjo yake ipo tangu kabla sijazaliwa, na bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana. Mwezi wa nne wa 2020 wanawake waliacha kuleta watoto kliniki. Walisikia kwamba hospitali ndiko korona iliko, na kwamba polisi wanakamata wanaotembea. Nilikaa na kisanduku cha chanjo, barafu inayeyuka, benchi tupu. Tuliogopa ugonjwa ambao haujafika tukaufungulia mlango ule uliokuwa ndani. Nikiulizwa kama kufungia watu kunapunguza kasi ya ugonjwa, nauliza: ugonjwa upi?

MZEE WA RELI: Na Uganda waliofunga shule je? Mjukuu wangu yuko kule.

MUUGUZI: Kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 10, 2022, Baba. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule muda mrefu hivyo. Wanafunzi wapatao milioni 15. Kifo cha kwanza cha korona Uganda kiliandikwa Julai 23, 2020, maana yake mwanzo walifanikiwa, waliwahi kweli. Kisha wakashindwa kuacha. Wasichana waliotoka darasani wakiwa na daftari, wengine walirudi na mtoto mgongoni, wengine hawakurudi.

Na kuhusu Kenya, mimi sitasahau jambo moja. Mwisho wa Machi 2020, usiku wa siku za mwanzo za marufuku ya kutembea usiku, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi na polisi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao, Kiamaiko, Nairobi. Alikuwa kwao, juu, ameshatii. Ukiwapa watu wenye bunduki kazi ya muuguzi, utakachovuna ni hicho.

MZEE WA RELI: Sasa turudi Bulape, maana ndiko tulikoanzia. Korona na Ebola si kitu kimoja.

MUUGUZI: Si kitu kimoja hata kidogo, na hapo ndipo ile nusu nyingine ya maneno yako, Baba. Mtu wa korona anaambukiza kabla hajajijua mgonjwa. Anatembea, anacheka, anauza unga. Kumpata mmoja mmoja ni kazi ya kukamata upepo, ndiyo maana nchi zilifunga wote. Mtu wa Ebola haambukizi mpaka augue, na anaambukiza kwa kumgusa, kwa majimaji ya mwili wake, kwa kumwosha maiti. Kwa hiyo unaweza kumfuata, kuwaandika wote aliowagusa, kuwaangalia siku 21, kuwachanja. Julai 2019 mchungaji mmoja alifika Goma kwa basi kutoka Butembo akiwa na Ebola. Mji wa watu zaidi ya milioni, mpaka wa Rwanda uko barabarani tu. Dunia nzima ikashika kichwa. Je, Goma ilifungwa? Hapana. Walimfuata dereva, wakawafuata abiria wa basi, wakachanja. Goma ikaishia wagonjwa wanne. Rwanda ilipofunga mpaka, Agosti 1, ilikuwa ni kwa saa chache, wakafungua siku hiyohiyo.

MZEE WA RELI: Lakini Bulape walifunga.

MUUGUZI: Walifunga kwa sababu ni mahali padogo, barabara mbovu, ugonjwa ulikuwa umejikusanya hapo, na walihitaji siku chache chanjo ifike. Uganda nayo ilifunga wilaya mbili, Mubende na Kassanda, Oktoba 2022, kwa Ebola ya Sudan ambayo haikuwa na chanjo. Kule kufunga kuna maana. Unafunga kidogo, kwa siku zinazohesabika, huku watu wako wanakimbia kufanya kazi ambayo kufunga peke yake hakuwezi kuifanya.

Bulape iliisha hivi: Desemba 1, 2025 ilitangazwa kwamba Ebola imekwisha. Wagonjwa 64, waliokufa 45. Walichanjwa watu zaidi ya 47,000. Anayetaka kusema ni vizuizi vilivyomaliza ugonjwa, aiangalie hiyo namba ya chanjo kwanza. Anayetaka kusema vizuizi havikusaidia, aikumbuke reli yetu: hakuna mgonjwa hata mmoja wa Bulape aliyeshuka stesheni ya Tenke.

Wataalamu nao bado wanavutana, na msomaji ana haki ya kujua. Juni 2020 watafiti wa Chuo cha Imperial, London, waliandika kwamba hatua za serikali katika nchi 11 za Ulaya ziliepusha vifo milioni tatu. Januari 2022 wachumi watatu, Herby, Jonung na Hanke, wakaandika kwamba kufungia watu kulipunguza vifo kwa asilimia 0.2 tu. Pengo hilo ni kubwa mno, haliwezi kuwa la bahati tu. Utafiti wa kwanza ulihesabu kana kwamba watu wasingejilinda wenyewe bila amri, jambo ambalo mama yeyote mwenye hofu anaweza kulikanusha. Wa pili ulichagua tafiti kwa namna iliyokosolewa vikali na wataalamu wa magonjwa. Mwaka 2023 Royal Society ya Uingereza ilipokusanya ushahidi mwingi pamoja, ilikuta kwamba hatua hizi zilifanya kazi, hasa zikija pamoja na zikija mapema, maambukizi yakiwa bado machache. Mimi hapo ndipo ninaposimama. Nashangaa tu kwamba karibu tafiti zote hizo zimepima watu wenye friji, wenye mshahara wa mwezi na bomba la maji ndani. Zimepima watu ambao wakifungiwa wanaweza kukaa.

KIJANA WA MGODI: Hakuna aliyepima chumba chetu.

MAMA WA SOKO: Mimi sina elimu ya hizo namba. Lakini mtu wa Tenke anayekula kwa alichouza asubuhi, ukimfungia siku ya kwanza atakaa, kwa heshima. Siku ya pili atakaa, kwa hofu. Siku ya tatu watoto watalia, naye atatoka kwa mlango wa nyuma, kupitia shamba la jirani. Na hapo hutamwona, Muuguzi. Hutamwandika kwenye daftari lako. Umemfundisha kujificha.

MUUGUZI: Ndiyo maana nasema unga uje kabla ya askari.

Hukumu yangu ni hii. Kufungia watu kunapunguza kasi ya ugonjwa, na anayekataa hilo anakataa hesabu. Lakini kunafanya hivyo kwa siku chache tu, na kwa mtu aliyeshiba tu. Mwaka 2020 huku kwenye ukanda wa shaba tulikopa siku nyingi kwa jasho la watu waliokuwa dhaifu kuliko wote, halafu hatukuzitumia kuongeza mitungi, wala kupima madereva, wala kuwachanja watoto surua. Ndipo hasira ya kijana huyu inapotoka, na ni hasira ya haki.

Ugonjwa mwingine utakuja. Mpox aina mpya ilizuka Kamituga, Kivu Kusini, Septemba 2023, mji wa wachimbaji kama ilivyo miji yetu, na chini ya mwaka mmoja Shirika la Afya Duniani likaitangaza dharura ya dunia. Ombi langu kwa Gavana wa Lualaba, kwa wakuu wa kanda za afya, na kwa kampuni zote zenye uzio katika mkoa huu, ni kwamba mpango uandikwe sasa, treni ikiwa haijafika: nani anaandikwa, nani anapimwa, dereva analala wapi, mfanyakazi analala wapi na kitanda chake ni chake peke yake, na unga unatoka ghala gani.

Mama wa Soko ameshaanza. Alihesabu mtaa wake kwa vidole, hapo hapo chini ya mwembe: kaya 40, mfuko mmoja wa kilo 25 kwa kila kaya, siku kumi. Mifuko 40. Kisha akamgeukia Kijana wa Mgodi akamuuliza lori moja la shaba hubeba kiasi gani. Tani 30, akajibu. Tukapiga hesabu wote watano pamoja. Lori moja, kama yale yaliyokuwa yakipita kila usiku wakati sisi tumefungwa, linabeba mifuko 1,200.